Eda Iko Wapi

Neno lenyewe lilikuwa la herufi tatu, na Tabitha alizijua zote tatu. Alikuwa amezisoma katika ghala la kahawa, jioni baada ya jioni, mtoto mgongoni na kibao cha kuandikia mapajani, mpaka Mwalimu Aminieli akamwambia mbele ya kina mama wenzake kwamba sasa hakuna neno la Kiswahili litakalomshinda. Siku hiyo alirudi nyumbani anacheka peke yake njiani kama mtu aliyeokota kitu.

Ndiyo maana Alhamisi ile ya mwezi wa tatu, walipofika Ngarenaro yeye na mama yake, hakuona haya kutangulia. Mama yake, Hanna, alikuwa mjane wa mzee wa kanisa huko Poli, kwenye miteremko ya Meru, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni: bei gani, punguza, asante. Yaliyobaki aliyasema kwa Kimeru. Tabitha alikuwa mdomo wake na masikio yake.

Walikuwa wamekuja kumlilia Kaanaeli.

Kaanaeli alikuwa mtoto wa kwanza wa Hanna. Alishuka mjini kujifunza cherehani, akawa fundi, akampenda binti wa Kipwani jina lake Zaituni, akasilimu ili amwoe. Huko Ngarenaro wakamwita Idrisa. Huko Poli baba yake, mzee Sumari, akasema mezani, chakula kikiwa bado cha moto, kwamba asiwepo wa kukanyaga kwa Kaanaeli, na mlango wake kwa Kaanaeli umefungwa. Sumari alipofariki, Hanna aliendelea kuushika mlango ule mwaka mzima, si kwa hasira tena, ila kwa aibu ya kutojua aanzie wapi kuufungua.

Kisha mwanzoni mwa mwaka Kaanaeli alimkuta dada yake Tabitha sokoni Arusha akiuza ndizi. Alikuwa na mkanda wa kupimia shingoni na sindano kwenye ukosi, anacheka meno yote.

"Mwambie mama amepata mjukuu wa kike."

"Anaitwa nani?"

"Sikwambii. Aje alisikie jina mwenyewe."

Hanna alipoambiwa akaanza kukusanya siagi ya kumpelekea mzazi. Ilikuwa bado haijajaa chombo homa ilipomchukua Kaanaeli. Aliaga dunia Jumanne. Habari zikapanda mlima na wanawake wa sokoni, zikafika Poli Jumatano jioni. Alhamisi alfajiri mama na binti wakateremka mpaka Tengeru, wakadandia lori.

Sasa walikuwa mbele ya nyumba yenye baraza. Wanaume wamekaa kwenye mikeka, kofia kichwani, wananong'ona. Hanna alipowaona tu akaweka mikono kichwani, akapaza sauti ya kilio kama inavyopazwa kwao, ile ya kumwita marehemu kwa jina ili asikie kwamba waliomzaa wamefika.

"Nyamaza, mama, nyamaza," akasema mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, akinyanyuka kwa shida. Jina lake Shomari, jirani wa nyumba ile. "Maiti haliliwi kwa makelele. Mwombeeni dua."

"Anasemaje?" Hanna akauliza.

"Anasema usilie."

Hanna akamtazama yule mzee kama anayetazama mtu aliyemkanyaga mguu makusudi. "Mwulize yuko wapi mwanangu. Nimwone, kisha nitanyamaza."

Tabitha akauliza. Mzee Shomari akainamisha kichwa. "Tulimzika Jumanne ile ile, mwanangu, baada ya alasiri. Kwetu maiti hangojeshwi. Kumhimiza ndiko kumheshimu."

Tabitha aliyatafsiri maneno hayo polepole, akiyapunguza ukali, lakini hakuna namna ya kuyapunguza. Kwao Poli mtu hungojewa. Hungojewa mjomba aliyeko Ngare Nanyuki, hungojewa seremala amalize sanduku, na mama ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Anayezikwa siku hiyo hiyo ni kichanga kisicho na jina.

"Wamemfukia kama kichanga," Hanna akasema. Hakulia tena. "Kaburi liko wapi?"

"Anauliza kaburi."

"Liko huko makaburini, ila wanawake kwetu hawaendi maziarani wakati huu wa msiba. Atapelekwa siku nyingine, inshallah."

Tabitha hakuitafsiri hiyo. Akaruka mbele. "Basi mke wake yuko wapi? Mama anataka alie naye. Na mtoto."

"Zaituni amekaa eda, mwanangu."

"Amekaa Eda?"

"Ee. Miezi minne na siku kumi. Hatoki mpaka iishe. Ikiisha kaka yake atamfuata, amrejeshe kwao."

"Na mtoto je?"

"Mtoto yuko naye, ataachana naye vipi, si ananyonya?" Mzee akaonyesha njia ya pembeni mwa nyumba. "Piteni uani basi, kwa wanawake wenzenu. Mle, mpumzike."

Sasa, mtu yeyote wa mji ule, hata mtoto wa kuchunga mbuzi, angejua mzee kasema nini. Lakini Tabitha alikuwa na Kiswahili cha ghala la kahawa. Kwake yeye fulani amekaa Moshi, fulani amekaa Tanga, na mke wa kaka yake amekaa Eda. Akamgeukia mama yake.

"Mkaza mwanao hayupo. Yuko mahali panaitwa Eda, na mtoto yuko naye. Hatatoka huko mpaka miezi minne na siku kumi. Halafu kaka yake anamchukua, wanakwenda kwao kabisa. Wanasema tupite uani tule."

"Uani nikafanye nini?" Hanna akasema. "Mwanangu wamemfukia, mkwe wangu hayupo, mjukuu wangu hayupo. Nikawaone kuku wao?"

Akageuka. Tabitha akamwambia mzee Shomari asante, mama amechoka, tutarudi miezi minne na siku kumi ikiisha. Mzee akawatazama kwa mshangao.

Walipopita chini ya dirisha la pembeni, lililofungwa kwa pazia la kanga, mtoto mchanga akalia ndani. Elinaza, mtoto wa Tabitha, akainua kichwa mgongoni kusikiliza. Na Tabitha mwenyewe akahisi matiti yanamwuma, maziwa yakamtoka yakalowesha kifua cha gauni, kama inavyomtokea mama anyonyeshaye akisikia kilio cha mtoto yeyote. Akafikiri: nyumba ya msiba, wanawake wengi, vichanga haviwezi kukosekana. Akakaza mbeleko, wakaenda zao.

*

Mwalimu Aminieli alikuwa na ramani mbili, ya Tanganyika na ya dunia nzima, alizozitundika kwa misumari juu ya magunia. Jioni ya Jumatatu Tabitha alimwomba amtafutie Eda.

Mwalimu akapitisha kidole kutoka Bukoba mpaka Lindi. Akapanda tena na reli. "Eda... Eda... Hakuna Eda, Tabitha."

"Mzee yule alisema Eda. Nilimwuliza mara mbili."

"Ni watu gani hao?"

"Waislamu."

Kidole kikahamia ramani ya pili, kikavuka bahari, kikapanda kando ya Uarabuni. Ghafla kikasimama. "Haya basi! Jeda. Tazama: J, E, D, A. Mzee kasema Jeda, masikio ya sisi watu wa mlimani yakaidondosha J njiani. Hapo ndipo wanaposhuka melini wakienda Maka kuhiji."

Darasa zima likaja kutazama. Aikaeli, jirani yake Tabitha, mwenye mdomo usiopumzika, akapima kwa viganja umbali kutoka Meru mpaka Jeda. "Viganja viwili na nusu! Kumwombea mume? Wangu akifa, mimi nafika Tengeru, narudi kupika."

"Akifa utampikia nani?" mwingine akauliza.

"Mwingine!"

Wakacheka, na Tabitha akacheka nao, moyo umekuwa mwepesi. Kila kitu sasa kilikuwa na maana yake. Ndiyo sababu ya miezi minne. Mtu havuki bahari yote ile akarudi kesho yake.

Alimkuta mama yake jikoni, hajawasha moto. Tangu Alhamisi Hanna alikuwa akikaa hivyo hivyo, akimtaja Zaituni kwa jina moja tu, "yule": yule aliyeshindwa kuningoja, yule aliyechukua mtoto akaenda zake kabla udongo haujakauka. Tabitha akamweleza habari za Jeda, na meli, na kuhiji.

"Bahari hiyo ni kubwa kiasi gani?"

"Huoni ng'ambo, mama. Siku nyingi unaona maji tu."

"Na kitoto kile?"

"Pamoja na kitoto."

Hanna akainama akaanza kupanga kuni. "Basi alimpenda," akasema.

Tangu siku ile hakusema tena "yule". Alisema "mke wa Kaanaeli". Jumapili, mchungaji alipouliza kama kuna maombi maalumu, mjane wa Sumari alisimama kwenye benchi la kina mama akaomba wasafiri wote walioko melini wakumbukwe. Watu wakageuziana shingo. Nani Poli alikuwa na msafiri melini? Hanna akakaa, akaitengeneza vizuri kanga yake magotini.

Na alichokitaka kilikuwa kimoja tu, alikisema kila siku kwa maneno yale yale. "Nimpakate. Kabla hajamchukua huyo mjomba wake. Nimpakate mara moja, anione uso, nilisikie jina lake. Kisha waende naye wanakokwenda."

*

Tabitha alikuwa na kalenda, yenye aya ya Biblia chini ya kila mwezi, aliyopewa kwa kumaliza kitabu cha kwanza. Akaanza kuhesabu kutoka Alhamisi ile, tarehe tano ya mwezi wa tatu. Mpaka tarehe tano ya mwezi wa saba, miezi minne. Ongeza siku kumi: tarehe kumi na tano. Akaizungushia duara kwa penseli, akalikoleza mpaka karatasi ikataka kutoboka. Kila jioni alipiga mkato siku iliyopita, na mama yake akisimama nyuma yake kutazama, maana kwa Hanna mikato ile ilikuwa meli inayokaribia.

Walitumia muda ule kujifunza. Safari hii hawakutaka kuaibika mlangoni. Sokoni Tengeru alikuwepo mwanamke wa Kiislamu muuza vitumbua, mcheshi, na Tabitha alimkalia karibu kila siku ya soko na daftari lake. Unavua viatu mlangoni. Unafunika nywele. Wakikupa chakula usikatae, kula hata tonge moja. Pombe usiilete hata kwa harufu. Nyama hawali ya kuchinjwa na mtu yeyote tu, mpaka achinje mwenzao kwa jina la Mungu. Tabitha aliyaandika yote kwa herufi kubwa kubwa, akayasoma nyumbani kwa sauti, Hanna akiyarudia. Aliuliza yote. Eda tu hakuiuliza, kwa kuwa hiyo alikuwa ameshajua iliko.

Siku moja ya mwezi wa sita, jua likishuka, alimkuta muuza vitumbua anafunga vyombo mapema, anatazama juu upande wa magharibi, mkono kwenye paji la uso. Na wengine sokoni vile vile, wazee na watoto, wote shingo juu.

"Mnatazama nini?"

"Mwezi, mama Elinaza. Tumefunga mwezi mzima. Ukiandama leo, kesho Idi. Usipoandama, tunafunga tena."

"Si mtazame kalenda? Hamjui kesho tarehe ngapi?"

Yule mwanamke akacheka mpaka akashika mbavu. "Kalenda ni ya serikali na posta! Yetu Mungu katutundikia huko juu. Inapungua siku, inaongezeka siku, sisi tunaifuata."

Tabitha akacheka pia, akanunua vitumbua vinne, akaenda nyumbani. Mwezi ulikuwa umechomoza mwembamba kama ukucha juu ya migomba. Aliuona, akauonyesha kwa Elinaza, akasema "ona, mwezi," basi.

Mwezi wa saba ulipoingia, Hanna alimtoa kondoo wake mnene. Kwao mama anyonyeshaye hupewa mafuta ya kondoo, yampe nguvu mgongoni, na hakuna anayeleta mafuta hayo isipokuwa mama mkwe. Lakini hakumchinja nyumbani. Alimburuta kwa kamba mpaka Tengeru, akamwomba mume wa muuza vitumbua amchinje yeye kwa jina la Mungu kama wanavyochinja kwao. Maneno yakawahi Poli kabla yake. Mzee Eliasi wa kanisa alimngoja njiani.

"Mjane wa Sumari, nasikia siku hizi unachinjiwa na Waislamu?"

"Sichinjiwi mimi, mzee. Anachinjiwa mama wa mjukuu wangu, ale bila wasiwasi." Akapita, ncha ya kamba bado mkononi.

Usiku ule alipoyeyusha mafuta na kuyamimina kwenye kibuyu kidogo, alimwambia Tabitha: "Twende mapema. Twende hata juma zima kabla. Meli huweza kuwahi."

"Tutalala wapi mjini, mama? Barazani kwa watu? Na Elinaza ana kikohozi na baridi hii." Tabitha akamwonyesha duara. "Kalenda haikosei. Tarehe kumi na tano."

Hanna akaitazama kalenda, akamtazama binti yake aliyesoma. "Haya," akasema.

*

Jumatano tarehe kumi na tano ukungu ulishuka mlima pamoja nao mpaka Tengeru. Arusha bendera ndogo ndogo za kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza zilikuwa bado zimening'inia mbele ya maduka, zimechujuka kwa manyunyu, nyekundu yake imetiririkia nyeupe. Hanna alivaa gauni la kwendea kanisani, kanga kichwani imefunika nywele zote. Njia nzima alikuwa akifanya mazoezi kwa sauti ya chini: salaam aleikum, salaam aleikum.

Barazani hapakuwa na mtu. Mlango ukafunguliwa na mwanamke mtu mzima, mwembamba, hina vidoleni.

"Salaam aleikum," akasema Hanna, mwenyewe, bila kumngoja Tabitha.

"Aleikum salaam." Yule mwanamke akawatazama, akaona kibuyu, akaona uso wa Hanna. Mkono wake ukapanda mdomoni. "Wewe ni mama yake Idrisa. Umefanana naye paji la uso."

"Shikamoo," Tabitha akasema. "Ndiyo, ni mama yake. Mimi dada yake. Tumekuja kumlaki Zaituni."

"Marahaba. Mimi shangazi yake Zaituni, naitwa Mwanakombo." Akaushika mlango. "Mwanangu, Zaituni ameondoka. Jumamosi. Walipanda gari moshi yeye na kaka yake."

Tabitha alisikia, lakini akili yake ikang'ang'ania kwenye hesabu. "Haiwezekani. Leo ndiyo miezi minne na siku kumi."

"Iliisha Ijumaa."

"Mimi nimehesabu kwa kalenda."

"Kalenda?" Bi Mwanakombo hakusema kwa ubaya. "Eda haihesabiwi kwa kalenda, mama. Inahesabiwa kwa mwezi wa mbinguni, tangu siku mume alipokata roho."

Mwezi mwembamba kama ukucha juu ya migomba. Tabitha akajaribu njia nyingine. "Kwani meli ilifika siku gani?"

"Meli gani?"

"Ya Jeda. Si alikwenda Jeda? Tuliambiwa hapa, siku ile. Amekaa Eda."

Bi Mwanakombo akamtazama Tabitha, akamtazama mama nyuma yake anayetabasamu kwa adabu bila kuelewa, na uso wake ukasawijika taratibu. "Ya rabi," akasema kwa sauti ndogo. "Vueni... hapana, msivue. Ingieni tu. Njooni."

Walivua viatu. Akawapitisha ukumbini, akafungua chumba cha pembeni. Kitanda cha kamba kisicho na godoro. Mkeka. Kwenye boriti, kamba mbili za bembea la mtoto, zimefungwa fundo bila bembea. Dirisha dogo lenye pazia la kanga, linalotazama njia.

"Alikaa hapa. Mke akifiwa hukaa ndani ya nyumba ya mumewe, hajipambi, hatoki, miezi minne na siku kumi. Ndiyo eda, mwanangu. Eda si mji."

Tabitha akalitazama dirisha.

"Siku ile mlipokuja alikuwa hapo dirishani. Alikisikia kilio cha mama yake Idrisa. Akamwinua mtoto akamwambia, bibi yako huyo, anaingia sasa hivi. Mimi nikatandika mkeka mpya. Yeye kutoka hawezi, barazani wamejaa wanaume, naye ana siku ya tatu tu tangu afiwe. Tukangoja mpite uani. Tukasikia viatu vyenu vinapita hapa chini." Akaonyesha njia ya nje kwa kidole. "Mtoto akalia. Zaituni akasema, wamenikataa kama walivyomkataa yeye."

Kifua cha Tabitha kilikumbuka kabla yake. Elinaza alikuwa kimya mgongoni. Hakuna mtoto aliyelia. Lakini maziwa yakaja yenyewe, ya moto, yakalowesha gauni pale pale palipolowa siku ile.

"Anasema nini?" Hanna akauliza kwa Kimeru. "Meli imechelewa?"

"Mama, ngoja."

"Na bado Ijumaa kaka yake alipotaka waondoke," Bi Mwanakombo akaendelea, sasa machozi yanamtiririka bila kuyafuta, "Zaituni alikataa. Akasema siku moja tu. Mzee Shomari aliniambia, nami nikamwambia, kwamba dada wa Idrisa aliahidi kurudi eda ikiisha. Akaoga, akavaa, akamvalisha mtoto kanzu aliyoishona baba yake, akakaa barazani mpaka magharibi. Jumamosi kaka mtu akakataa. Anatunza mashamba ya watu Pemba, huko ndiko wanakovuka kwenda. Sijui ni kijiji gani. Zaituni kuandika hajui, nami kusoma sijui. Na Hana naye alikuwa na mafua, alilia njia nzima mpaka stesheni."

Hanna aligutuka. "Mbona ananitaja?"

Tabitha akageuka. "Bi Mwanakombo, umesema nani alilia?"

"Hana, mtoto. Hamkujua? Idrisa ndiye aliyempa. Alisema kwao binti wa kwanza hulibeba jina la mama wa baba. Wengine hapa wakaguna, lakini mwalimu wa chuo cha Kurani akasema ni jina jema, ndilo la mamake Bibi Mariamu."

"Tabitha," Hanna akasema, "mbona mtu huyu ananiita?"

Basi ilimpasa atafsiri. Alipiga magoti mbele ya mama yake ili asimtazame kutoka juu, akasema yote kwa Kimeru, mwanzo mpaka mwisho, bila kupunguza wala kuruka: kwamba eda si mahali, kwamba hakukuwa na meli, kwamba Zaituni alikuwa nyuma ya pazia lile siku ile, kwamba mwezi ni wa mbinguni, kwamba mtoto anaitwa Hanna. "Mimi ndiye niliyesikia vibaya," akasema. "Mimi ndiye niliyesema kalenda haikosei. Ulitaka tuje mapema, mama. Ni mimi."

Kwao mama mkwe haingii chumba anamolala mkaza mwanawe. Hanna alikuwa amesimama kizingitini muda wote huo, vidole vya miguu kwenye mstari wa mlango. Sasa akavuka. Akaenda mpaka dirishani, akalishika pazia, akatazama njia ambayo alikuwa ameipita. Ilikuwa karibu kiasi cha kumgusa mtu begani. Kisha akaja chini ya kamba za bembea, akanyoosha mkono akaisukuma moja, ikayumba, akaitazama mpaka ikatulia.

Akaketi kwenye mkeka, kibuyu magotini.

"Hapa," akamwuliza Bi Mwanakombo kwa Kiswahili chake cha sokoni, "ndiyo Eda?"

Bi Mwanakombo akafungua mdomo amrekebishe. Hakuweza. Akaketi kando yake, bega kwa bega. "Ndiyo, mama," akasema. "Ndiyo hapa."

Hapo Hanna akalia. Hakupaza sauti kama siku ile. Alilia kwa kufunika mdomo na kanga, kwa kuwa alikuwa amejifunza. Bi Mwanakombo akauondoa mkono ule mdomoni. "Lia, mwenzangu. Lia tu kama kwenu."

Walikaa hivyo mpaka adhuhuri. Wakaletewa wali, na Hanna akala tonge moja, kama ilivyoandikwa kwenye daftari. Kibuyu alikiacha, akasisitiza kwa vidole na maneno matatu kwamba kondoo alichinjwa na mtu wao, na Bi Mwanakombo akaapa kwamba mtu wa kwanza kusafiri upande wa Pemba atakwenda nacho, awe mvuvi au nani, na kama kuna barua aipeleke pamoja nacho. Huko kuna watu wanaosoma.

Tabitha alikuwa amejibanza mlangoni anamnyonyesha Elinaza. Aliposikia barua akatoa daftari, akageuza kurasa za mambo aliyojifunza, viatu, nywele, nyama, mpaka ukurasa mweupe. Alikuwa hajawahi kuandika barua kwa mtu wa kweli, na hakujua kama ingemfikia mtu huyo kamwe.

"Niandike nini, mama?"

Hanna akajipangusa uso. Akazitazama kamba zile mbili.

"Mwandikie Hanna," akasema. "Mwambie bibi yake alikuja. Mwambie nimekaa pale walipokaa." Kisha akaongeza, kama anayemkumbusha mtoto asisahau mzigo njiani: "Na uandike tarehe. Zote mbili. Yako ya ukutani, na ya mwezi. Mwulize huyu mama, leo mwezi una siku ngapi."